Gari la Wagonjwa kwa Watu wa Kisiwani

Katika nchi nyingi viko vyama vya hiari ambavyo wanachama wake huchanga fedha ili kuwasaidia watu wasiowajua. Viwili vijulikanavyo sana ni Rotary, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1905, na Lions, kilichoanzishwa katika mji huo huo mwaka 1917. Vyote viwili vina matawi Kenya. Mojawapo ya misaada ya vyama vya namna hii ni gari la wagonjwa lililokwisha tumika kwa miaka kadhaa na kuondolewa kazini, ingawa injini yake ingali nzima.

Yafaa msaada huo upimwe kwa mfano wa kisiwa cha Wasini, kilicho mkabala na Shimoni, katika Kwale. Ardhi yake ni mwamba wa matumbawe, na hakuna barabara za magari. Hospitali kubwa iko Msambweni, zaidi ya kilomita 20 kutoka Shimoni. Basi mtu aweza kuuliza: gari litawafaa nini watu hawa?

Jibu ni kwamba safari ya mgonjwa wa kisiwani ina sehemu tatu. Kwanza huchukuliwa kwa machela mpaka ufukoni. Pili huvushwa kwa chombo mpaka Shimoni. Tatu hupelekwa kwa gari mpaka Msambweni. Gari la msaada hufaa katika sehemu ya tatu tu, tena iwapo linangoja karibu na gati. Likiwekwa mbali, mgonjwa atavuka bahari na kukaa pwani akilingojea.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama mzazi hupotea kwa sababu ya kukawia kwa namna tatu: kukawia kuamua kutafuta msaada, kukawia kufika hospitali, na kukawia kutibiwa akiisha kufika. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa mbili. Kwa hiyo nahodha asiyepatikana usiku ni hatari sawa na gari lisilo na dereva.

Wafadhili nao yawapasa kukumbuka mambo mawili. Kwa kawaida sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8. Tena gari kuukuu hudai matairi, vipuri na fundi mara nyingi kuliko gari jipya.

Tangu mwaka 2013 kazi ya hospitali na magari ya wagonjwa imekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kabla ya funguo kukabidhiwa, ni vema wazee wa kisiwa, chama kinachotoa na wakuu wa afya wa kaunti wakae pamoja na kuandika mapatano: nani atalipa mafuta, nani ataendesha usiku, muuguzi gani atafuatana na mgonjwa, na chombo gani kitakuwa tayari kuvusha saa yoyote.

Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kupokea gari ni shughuli ya siku moja. Kulitunza ni kazi ya kila siku, nayo ndiyo itakayomfikisha mgonjwa Msambweni akiwa hai.