Baruti na Fataki: Maneno Mawili Yasiyobadilishana Nafasi

Katika machimbo ya Geita na Shinyanga, mwamba mgumu hupasuliwa kwa baruti, na baruti hulipuliwa kwa fataki. Mfasiri wa mwongozo wa usalama akiviita vyote viwili "vilipuzi", sentensi yake hubaki sahihi kisarufi, lakini huweza kumponza mchimbaji.

Baruti (ngeli ya I-/ZI-) ni neno lenye asili ya Kiarabu. Hapo awali lilitaja unga mweusi wa shura, salfa na makaa. Leo maana yake imepanuka hadi kujumuisha vilipuzi vya migodini, ukiwamo mchanganyiko wa amonia naitreti na dizeli. Ndiyo sababu sheria ya Tanzania ya mwaka 1963 inayosimamia vilipuzi huitwa Sheria ya Baruti.

Fataki (I-/ZI-) ni kiwashio. Katika risasi ya bunduki, ni kile kikombe kidogo kilicho kitakoni mwa ganda; kikigongwa na pini, hutoa mwako unaowasha baruti iliyo ndani. Mgodini, ni kibomba chembamba kinachotangulia kulipuka ili kuilipua baruti yote. Umbo ni tofauti, lakini kazi ni moja: kuanzisha.

Fataki sharti ioane na kinachoiwasha. Fataki ya kawaida huwashwa kwa utambi; fataki ya umeme huwashwa kwa mkondo wa umeme kupitia nyaya. Hivyo, katika maandishi ya kitaalamu, "fataki" bila kivumishi haitoshi pale aina yake inapohusika.

Linganisha:

1. Usihifadhi fataki pamoja na baruti.
2. Usihifadhi vilipuzi pamoja na vilipuzi.

Sentensi ya kwanza ni kanuni ya msingi ya stoo za migodini, kwa kuwa fataki hushtuka kwa urahisi kuliko baruti. Sentensi ya pili haimwelekezi mtu yeyote.

Tanbihi kwa walimu: mitaani, fataki pia ni mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, maana iliyoenezwa na kampeni ya redioni nchini Tanzania. Upatanisho wa kisarufi huzitenganisha maana hizo: "Fataki zimehesabiwa" huhusu vifaa, "Mafataki wamekamatwa" huhusu watu.