IWAKI: MIJI KUMI NA MINNE CHINI YA JINA MOJA

Tukiitaja Japani, wengi wetu akili hukimbilia Tokyo au magari yanayoletwa kutoka huko. Leo nitakupeleka katika mji usiosikika sana uitwao Iwaki. Nimeuchagua kwa sababu kila mwaka tunaandika insha juu ya methali "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu", halafu tunamaliza kwa kile kisa cha mzee, wanawe na mzigo wa kuni. Mimi nilitaka kuona umoja ukijaribiwa mahali pa kweli.

Iwaki uko katika mkoa wa Fukushima, ufuoni mwa bahari ya Pasifiki, yapata kilomita 200 kaskazini ya Tokyo. Ulizaliwa tarehe 1 Oktoba 1966. Siku hiyo miji 5, miji midogo 4 na vijiji 5 viliungana vikawa mji mmoja. Eneo lake ni kama kilomita 1,232 za mraba. Kwa miaka mingi hapakuwa na mji mwingine Japani wenye eneo kubwa kama hilo, hadi mwaka 2003 Shizuoka ulipoungana na Shimizu ukaupita. Lakini usidhani kote ni maghorofa. La hasha! Sehemu kubwa ni milima na misitu, na mitaa yenyewe imetawanyika mbalimbali.

Kwa nini waliungana? Watu wa huko waliishi kwa makaa ya mawe ya Joban. Baadaye mafuta ya petroli yakaingia kwa bei nafuu, makaa yakakosa wanunuzi. Serikali ya Japani nayo ilikuwa imetunga sheria mwaka 1962 ya kuendeleza miji mipya ya viwanda. Kila mji peke yake ulikuwa mdogo, lakini kwa pamoja wangeweza kupanga barabara, viwanda na bandari ya Onahama.

Sasa shida ikawa jina. Kati ya wale kumi na wanne, mmoja tayari uliitwa Iwaki, ukiandikwa kwa zile herufi ngumu zenye asili ya Kichina. Mji mpya ukaandikwa kwa hiragana, herufi rahisi ambazo mtoto wa Kijapani hujifunza kwanza. Kwa hivyo msomaji akiliona jina anajua huu ni mji mpya, si ule wa zamani uliowameza wenzake. Hata hivyo, mazoea yana taabu! Kituo kikuu cha gari moshi kiliendelea kuitwa Taira, jina la mmojawapo wa ile miji ya zamani, hadi mwaka 1994. Hiyo ni miaka 28. Na hadi leo Taira limo katika anwani za watu.

Je, kuungana kuliokoa makaa? Hapana. Mgodi mkubwa ulifungwa mwaka 1971, na wa mwisho wa Joban mwaka 1976. Kilichosaidia ni kitu ambacho wachimbaji walikichukia. Chini ya ardhi mlikuwa na maji ya moto yaliyobubujika migodini, yakaifanya kazi iwe kama kuingia jikoni penye moto. Ilibidi yavutwe kwa pampu na kumwagwa. Kampuni ya mgodi ikafikiri: kwa nini tusiyauze? Januari 1966 ikafungua mahali pa starehe penye mabwawa ya maji hayo, minazi na ngoma ya hula ya visiwa vya Hawaii, katika nchi ya baridi! Wengi waliona ni wazimu. Waliofunzwa kucheza walikuwa mabinti wa wachimbaji, na kabla ya kufungua walizunguka Japani kuitangaza. Mahali hapo pangali papo, na mwaka 2006 kisa chao kilitengenezewa filamu, Hula Girls.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko na mawimbi ya tsunami yaliua zaidi ya watu 300 katika Iwaki. Kisha mtambo wa nyuklia wa Fukushima, ulio kaskazini ya mji, ukaharibika. Watu zaidi ya 20,000 kutoka miji ya jirani kama Tomioka na Naraha wakahamia Iwaki. Nyumba za kupanga zikaadimika, hospitali zikajaa. Manung'uniko yakaanza, maana wageni walipata fidia ambayo wenyeji wengi hawakuipata, hata waliobomolewa nyumba na mawimbi. Wakati huohuo wacheza hula, ambao baadhi yao walipoteza makao, walifunga safari tena kuzunguka Japani, kama wale wa kwanza, kuwatia watu moyo.

Basi mimi nimejifunza nini? Nilidhani umoja huja siku karatasi zinapotiwa sahihi. Kumbe siku hiyo ndiyo mwanzo tu. Jina la kituo lilichukua miaka 28 kubadilika. Moyo wa mtu je? Kuni za yule mzee hazikuwa na majina wala kumbukumbu, wala hazikuulizana nani amelipwa fidia. Watu wanaulizana. Kwa hivyo methali naikubali, ila tusiitaje kama jambo rahisi.

Naomba nitie nanga hapa. Kwaheri ya kuonana.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu