Ukweli Haukai Katikati

"Mwalimu, gazeti lipi linasema kweli?" Nimeulizwa tena, safari hii kwenye stendi ya bodaboda Arua, kijana kaninyooshea simu. Sijafungua mdomo, mwenzake akamjibu kwa hekima ileile inayonichosha: soma ya Kampala, soma ya Juba, ukweli uko katikati.

Hauko. Chukueni mapigano ya mpakani ya tarehe 28 Julai 2025. Msemaji wa jeshi la Uganda wakati huo, Felix Kulayigye, alisema wanajeshi wa Sudan Kusini waliingia West Nile, wakapiga kambi, wakakataa kuondoka. Kwa hesabu yake, akafa mwanajeshi mmoja wa Uganda na watatu wa upande wa pili. Viongozi wa Kajo-Keji, Sudan Kusini, wakasema waliovamiwa ni wao, tena kwao, na maiti walizohesabu ni tano: wanajeshi wawili, polisi wawili, askari magereza mmoja.

Haya, tafuteni katikati. Wafu wanne wa Sudan Kusini? Hakuna aliyehesabu wanne. Na katikati ya "wameingia kwetu" na "wametuvamia kwetu" ni shamba la nani? Anayegawa kwa mbili anaondoka na habari ya tatu isiyo na shahidi hata mmoja. Angeuliza kila upande ulihesabu sare zipi, angefika mbali zaidi.

Tena, kabla ya maiti kuna kitenzi. "Kuingia", yaani kuvuka, kunahitaji mstari, na mstari huu ulitoka kwenye tangazo la kikoloni la 1914, ambalo kwa sehemu lilitaja mpaka wa kusini wa Wakuku, kana kwamba watu ni mto. Mpaka leo kuna sehemu zisizo na mawe. Mwandishi wa Kampala, gazeti linakaribia kwenda mtamboni, anampigia msemaji. Neno la msemaji linapanda kwenye kichwa cha habari, na mpaka unakuwa umeshachorwa pale mezani. Wa Juba naye ana msemaji wake. Koboko hawahitaji kufundishwa hili: mama wa Oraba akipeleka muhogo sokoni Kaya, ng'ambo ya mpaka, amevuka, hajavamia.

Sasa upesi, nafasi inaisha. Tazameni nani kanukuliwa kwanza, na kama alikuwepo. Pigieni mstari kila jina la mahali: ukisoma "West Nile" au "Kajo-Keji", kesi imeshaamuliwa. Mjue mwenye gazeti: New Vision serikali ina hisa nyingi, Daily Monitor ni la Nation Media Group ya Nairobi. Habari ya siku ya kwanza msiisambaze. Na mwenye shemeji Kajo-Keji ampigie yeye kwanza, kabla ya kunisimamisha mimi stendi.