Tohara si Ngao Kamili: Mistari Miwili Yaeleza

Ikiwa wewe ni mwanamume wa Kinoru, mjini Meru, yaelekea ulitahiriwa kwa sababu ya mila. Je, wajua tohara hiyo yakukinga kwa kiasi gani dhidi ya virusi vya Ukimwi? Jibu limo katika mchoro mmoja.

Mjini Kisumu, watafiti waliandikisha wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 ambao hawakuwa wametahiriwa. Kwa kura, nusu walipangiwa kutahiriwa mara moja, na wengine wakaombwa wangoje miaka miwili. Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwani tofauti ilikuwa wazi: waliopatikana na virusi walikuwa 22 katika kundi la tohara na 47 katika kundi la pili.

Hata hivyo, watu hawafuatiliwi kwa muda sawa. Kuna wanaohama na kuna wanaochelewa kujiunga. Ndiyo maana wataalamu hutumia njia ya Kaplan na Meier, Wamarekani walioichapisha mwaka 1958. Kila mtu huhesabiwa hadi alipopimwa mara ya mwisho, kisha huondolewa katika hesabu. Kila maambukizi yanapopatikana, mstari hupanda ngazi.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta kama R, ambayo hutolewa bila malipo. Programu hukokotoa mstari wa kila kundi, kisha huiweka yote katika mchoro mmoja, kwa kipimo kimoja, ikianzia siku ya kwanza. Mistari ikichorwa mbalimbali kwa vipimo tofauti, jicho hudanganyika.

Ukiitazama pamoja utaona mambo mawili. Baada ya miaka miwili, mstari wa kundi la tohara ulifika asilimia 2.1 na ule wa wenzao asilimia 4.2, yaani hatari ilipungua kwa karibu nusu. La pili, hata mstari wa chini ulipanda.

Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 2007, ulipata matokeo yanayokaribiana na hayo. Lakini usipime mstari wa Rakai kwa ule wa Kisumu, maana watu na mazingira ni tofauti. Linganisha kila mstari na mwenzake wa utafiti uleule.

Basi, ndugu msomaji, mwanao atokapo jandoni usimwambie kwamba sasa yu salama. Mweleze kuwa hatari imepungua, haijaisha. Kondomu na kupimwa bado ni lazima.