Spika ndogo ya kompyuta ipimwe kwa sauti ya mtu

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, na kule Luthuli Avenue, Nairobi, spika ndogo zisizo na waya huuzwa kwa mtindo uleule. Muuzaji anashika spika inayoenea kiganjani, anaiunganisha na simu yake, anachagua wimbo wenye besi nzito na kufungulia sauti hadi mwisho. Meza inatetemeka, wapita njia wanageuka, mteja anatoa pesa.

Ikifika nyumbani, spika hiyo huenda isipigwe hivyo tena. Itakaa kando ya kompyuta mpakato, sebuleni au chumbani, na muda mwingi itakuwa inatoa maneno ya watu: mtangazaji wa habari, mwalimu anayemfundisha mtoto hesabu kwenye video, wenzako wa kazini mkutanoni, mhubiri, mchambuzi wa mpira, waigizaji wa tamthilia. Hata muziki tunaoupenda ukanda huu, kuanzia taarabu hadi bongofleva, umejengwa juu ya mwimbaji na mashairi yake. Ndiyo maana nashikilia kwamba spika ya kompyuta ya nyumbani ipimwe kwanza kwa sauti ya binadamu, tena ikiwa imepunguzwa. Mengine yafuate.

Sauti ya mtu ina faida ambayo hakuna ala inayoifikia. Wengi wetu hatukuwepo studio fidla ya wimbo fulani ilipopigwa, kwa hiyo hatuna cha kulinganisha nacho. Lakini sauti za watu tunazisikia tangu kuzaliwa, na sikio hugundua haraka sana zikipotoshwa. Unapokwenda dukani, beba kwenye simu yako taarifa ya habari inayosomwa na mwanamume na mwanamke unaowafahamu vizuri kwa kuwasikia. Sauti ya mwanamume anapozungumza huanzia takribani hezi 85 hadi 180, yaani mitetemo 85 hadi 180 kwa sekunde, na ya mwanamke takribani 165 hadi 255. Spika iliyokuzwa besi kwa nguvu humfanya msomaji wa kiume asikike kama anasemea ndani ya pipa. Spika iliyokatwa besi kupita kiasi humwondolea kifua, akabaki na koo tupu.

Kisha sikiliza konsonanti. Herufi s, sh na ch hukaa juu, kwenye maelfu ya hezi, na huko ndiko maneno yanakotofautiana. Neno kama "sisitiza" likichoma sikio, spika hiyo itakuchosha baada ya saa moja ya mkutano. Likisikika butu, utakuwa unaongeza sauti kila mara bila kuelewa zaidi. Spika nzuri humwacha msomaji azungumze tu, ukasahau kwamba kuna chombo mezani.

Kwa nini ipimwe kwa sauti ya chini? Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Bell Labs nchini Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba sauti ikipungua, besi ndiyo hufifia zaidi masikioni. Spika iliyosikika nono dukani inaweza kuwa kavu saa nne usiku, watoto wamelala na wewe unatazama filamu kwa sauti ndogo. Watengenezaji makini huweka ndani ya spika programu inayoinua besi sauti inapokuwa chini na kuipunguza inapopanda ili koni, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti, isiharibike. Ukifungulia hadi mwisho dukani, unajaribu hali ambayo nyumbani hutaikuta.

Muuzaji akikwambia spika ya kiganjani ina "besi ya sabufa", kumbuka maumbile ya sauti yenyewe. Ili koni itoe sauti yenye nguvu ileile kwa masafa yaliyo nusu ya yale ya awali, lazima isafiri mbele na nyuma mara nne zaidi. Koni ya sentimita tano haina nafasi ya safari hiyo. Wahandisi wana kanuni inayohusishwa na J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH ya Marekani: kisanduku kidogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua viwili, cha tatu hukipati. Ndiyo sababu spika nyingi za betri huwa na kile kiwambo cha mpira pembeni kinachotikisika bila kuunganishwa na waya wowote. Kinasaidia besi kushuka kidogo. Maajabu hayapo.

Hata hivyo gitaa la besi kwenye rumba ya Kongo tunalisikia kupitia spika hizo, ingawa uzi wake mnene kabisa hutetemeka mara 41 kwa sekunde na spika haifiki huko. Kila noti ina mitetemo mingine juu yake, 82, 123 na kuendelea, na ubongo ukiisikia hiyo hujaza wenyewe ile ya chini iliyokosekana. Simu za mezani zilitegemea hilo kwa miongo mingi: zilipitisha takribani hezi 300 hadi 3,400 tu, na bado tulimtambua mjomba kwa sauti yake nzito. Kwa hiyo usidai mshindo wa kifuani. Sikiliza kama besi inafuatika, noti moja ikiachana na nyingine, au kama ni mngurumo mmoja usiobadilika wimbo mzima. Mngurumo ni kasoro hata ukiwa mkubwa, na katika nyumba za kupanga ndio hasa unaopenya ukuta na kumnyima jirani usingizi.

Taarabu ni kipimo kizuri cha pili. Ganuni na udi hudonolewa, na kila donoo linapaswa kuanza kwa wepesi na kuisha kabla ya lifuatalo. Rekodi za Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, zina sifa ya kuvutia hapa. Mitambo ya enzi zile haikunasa besi ya chini sana wala masafa ya juu sana, hivyo karibu kila kilichomo kinaweza kutolewa na spika ndogo iliyotengenezwa kwa uangalifu. Ukitaka kufurahia spika ya kiganjani bila kuhisi umepungukiwa, anza na muziki wa aina hiyo.

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi isikushughulishe. Yale maelfu ya wati yenye herufi PMPO hayana kiwango kinachokubalika cha kupimia, na mtengenezaji huandika atakavyo. Hesabu nyingine ni rahisi kuifanya mwenyewe. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 kwa nusu ampea, yaani wati 2.5. Spika isiyo na betri inayotegemea tundu hilo peke yake haiwezi kutoa wati 20 mfululizo, hata boksi liseme nini. Tena kuongeza wati maradufu huleta desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Wati 2.5 zilizotumiwa vizuri, kwa mtu aliyekaa umbali wa mkono mmoja, zinatosha kabisa.

Ukilinganisha spika mbili, zisawazishe sauti kwanza, kwa sababu iliyo juu kidogo karibu daima huonekana bora. Na ikiwezekana, usizione. Floyd Toole, mwanasayansi wa Kanada aliyefanya kazi miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo kabla ya kuhamia kampuni ya Harman, alichapisha na mwenzake Sean Olive mwaka 1994 jaribio lililofanywa kwa njia mbili: wasikilizaji wakiziona spika, na wasipoziona. Walipoziona, alama walizotoa zilifuata macho yao. Nyumbani zoezi hilo halihitaji maabara. Omba mtu azifunike spika kwa kanga nyepesi, ambayo sauti hupita bila shida, azibadilishe bila kukwambia, nawe useme ni ipi msomaji wa habari anasikika kama mtu. Nimeona watu wakichagua ya bei ndogo, na wakaendelea kuipenda baada ya kufunuliwa.

Sasa suala la kutokuwa na waya. Teknolojia ya Bluetooth ilianzia kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden, mwaka 1994. Hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, njia ambayo Wi-Fi nyingi na majiko ya maikrowevu pia huipita. Ili kukwepa msongamano, Bluetooth ya kawaida huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde. Kompyuta ikiwa chumba kimoja na spika, mambo huwa shwari. Ukuta wa tofali au mwili wa mtu aliyesimama katikati hudhoofisha mawimbi hayo, ndipo sauti huanza kukatikakatika.

Kinachosumbua zaidi ni kuchelewa. Sauti hubanwa ndani ya kompyuta, husafirishwa, kisha hufunguliwa ndani ya spika, na safari hiyo mara nyingi huchukua kati ya sehemu moja ya kumi na robo ya sekunde. Programu nyingi za kuchezea video huchelewesha picha ili vilingane. Michezo ya kompyuta haiwezi kufanya hivyo, na anayejifunza kinanda kupitia kompyuta atabonyeza sasa na kusikia baadaye. Jaribu kwa video ya mtu anayepiga makofi, ukitumia kompyuta yako mwenyewe.

Lipo tatizo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo limewafanya watu wengi warudishe spika nzima dukani. Unasikiliza muziki, kila kitu safi. Unaingia mkutanoni kwa Zoom, na ghafla sauti inakuwa nyembamba na ya kukwaruza. Spika haijaharibika. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili: moja ya muziki, inayokwenda upande mmoja tu, na nyingine ya mazungumzo, inayobeba sauti ya kwenda na ya kurudi. Kompyuta ikiamua kutumia maiki iliyomo ndani ya spika, huhamia njia ya pili, ambako sauti huchukuliwa sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, na kila kilicho juu ya hezi 4,000 au 8,000 hukatwa. Zile konsonanti tulizozipima dukani ndizo zinazopotea. Dawa yake iko kwenye mipangilio ya sauti: chagua maiki ya kompyuta yenyewe kwa kuongelea, na spika kwa kusikilizia tu, kisha isogeze spika mbali kidogo na maiki ili wenzako wasisikie mwangwi wao wenyewe. Mfumo mpya wa LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020, umebuniwa kuondoa udhaifu huu, lakini lazima kompyuta na spika zote mbili ziwe nao.

Betri ni neema umeme unapokatika, na kwa familia zetu hilo si jambo dogo. Ila spika inayokaa mezani ikiwa imechomekwa usiku na mchana, kwenye joto, betri yake ya lithiamu huchakaa mapema. Ichomoe ikishajaa. Chunguza pia kama inajizima yenyewe kukiwa kimya. Hilo linafaa ufukweni, lakini mezani husababisha ukose maneno ya kwanza kila video inapoanza. Na kwa kuwa utakaa karibu nayo, iunganishe bila kupiga chochote na utege sikio: mvumo mdogo usioudhi dukani huudhi sana usiku wa manane.

Chumba chenyewe nacho kina usemi mkubwa. Sakafu ya vigae, kuta za saruji na bati lisilo na dari hurudisha sauti kwa fujo, na hapo mkeka, mapazia na makochi husaidia kuliko kubadilisha spika. Inua spika ifikie usawa wa masikio, au iinamishe ikutazame. Ukiisogeza ukutani besi huongezeka, kwenye kona zaidi. Kama unataka kusikia ala zikitawanyika kushoto na kulia, utahitaji spika mbili zilizoachana, nawe ukae kwenye ncha ya tatu ya pembetatu. Kisanduku kimoja chenye koni mbili zilizobanana hakiwezi kukupa hilo, hata kikiandikwa stereo.

Jambo la mwisho la kukagua kabla ya kulipa ni tundu la waya la milimita 3.5, au USB inayopitisha sauti na siyo chaji peke yake. Spika nyingi mpya zimeliondoa tundu hilo, na kwa maoni yangu ni hasara kwa mtumiaji wa kompyuta. Waya wa bei ndogo huondoa ucheleweshaji, hukwepa lile tatizo la mikutano, na hufanya kazi na kompyuta ya zamani isiyo na Bluetooth. Muulize muuzaji, kisha uchomeke waya hapohapo dukani, kwa sababu kwenye bidhaa bandia tundu hilo wakati mwingine ni pambo tu.