Je, Wajua? Lebo ya Dawa ya Usingizi Yaweza Kukudanganya

Melatonini ni homoni ambayo ubongo huitoa giza likiingia. Haimlazi mtu kwa nguvu. Huuarifu mwili tu kwamba usiku umefika. Ndiyo maana ikinywewa kama dawa, dozi ndogo, miligramu 0.5 hadi 3, saa moja au mbili kabla ya kulala, mara nyingi humtosha mtu mzima.

Shida ni chupa yenyewe. Mwaka 2023 watafiti walipima aina 25 za peremende za melatonini zinazouzwa Marekani: 22 hazikulingana na lebo. Moja ilikuwa na zaidi ya mara tatu ya kilichoandikwa. Nyingine haikuwa na melatonini hata chembe! Uingereza, melatonini huuzwa kwa cheti cha daktari. Ukinunua Marekani, tafuta alama ya USP, inayoonyesha kuwa kilichomo kimepimwa, na chupa iweke juu kabatini: kwa mtoto, hiyo ni pipi.