KABLA HUJAUZA BOMBA, ULIZA MAJI: vifaa vya bafuni vinavyofaa Arusha na jinsi ya kuvipanga

Leo naongea na wenye hadwea ndogo, mafundi bomba mnaouza vifaa pembeni, na nyie mnaojenga vyumba vya kupangisha au gesti. Tangu mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zipewe uenyeji wa AFCON 2027, na uwanja ukaanza kujengwa pale Olmoti, watu wengi hapa Chuga wanaongeza vyumba vya wageni. Kila chumba kinataka bafu. Hela ipo hapo, ila na hasara ipo hapohapo. Mimi nilianza na hasara.

Nilichukua mkopo wa kikoba, nikaenda Kariakoo nikabeba mabomba meusi ya sinki, yale ya kisasa unayoyaona kwenye picha. Mzigo wa laki tisa na nusu. Nikayapanga mbele ya duka, yanawaka. Mama mmoja mwenye gesti njia ya Ngaramtoni akachukua 8 kwa mpigo. Nikaona nimeshatoboa.

Mwezi wa tatu akarudi nayo kwenye mfuko wa rambo. Yana madoa meupe kama yamemwagiwa chokaa, mengine rangi imebanduka kwa sababu mhudumu alikuwa anasugua na steeli waya. Hakugomba. Aliniambia tu, "Mwanangu, mimi wageni wangu wanaingia leo." Nilimrudishia hela yake yote. Mwezi ule rejesho la kikoba nililipa kwa kuuza simu yangu.

Alikuja na dada mmoja mbunifu wa mambo ya ndani, ndiye aliyekuwa anampangia vyumba. Nilidhani atanisema. Akaniuliza, "Mdogo wangu, ulimuuliza maji yake yanatoka wapi? Tenki lake liko juu kiasi gani? Na nani anasafisha?" Sikuwa nimeuliza hata moja. Haya maswali matatu ndiyo yameokoa duka langu, na ndiyo nataka uondoke nayo leo. Vifaa anavyovipenda yule dada vyote vinapita kwenye maswali hayo kwanza, urembo unafuata.

1. BOMBA LA SINKI
Maji ya visima na chemchemi nyingi za kuzunguka Mlima Meru yana chumvichumvi na magadi. Tone likikauka linaacha alama nyeupe. Kwenye bomba jeusi alama inaonekana toka mlangoni, kwenye kromu ya kung'aa au ya kijivu isiyong'aa haionekani sana. Kwa hiyo gesti yenye maji ya kisima muuzie kromu. Jeusi muuzie anayeishi mwenyewe na yuko tayari kufuta na kitambaa kikavu kila siku. Mwambie kabisa kabla hajalipa.

Kupima ubora, linyanyue. Bomba la brasi ni zito. Geuza uangalie ndani ya nyuzi, ukiona njano ni brasi, ukiona kijivu chepesi au plastiki bei yake iwe ya plastiki. Uliza pia kama katriji ya ndani ni ya kauri. Hiyo inadumu, ila mchanga unaikwaruza, kwa hiyo muuzie na kichujio kidogo cha kufunga kwenye bomba linaloingiza maji.

Na hapa tuwe wakweli. Mteja akikuuliza kama hicho kichujio kinaondoa floraidi, ile inayotuachia meno ya kahawia huku kwetu, mwambie hapana. Kinazuia mchanga na uchafu tu. Hata kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Ukimdanganya kwa elfu kumi umempoteza milele.

2. SHAWA
Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba mgeni akikosa maji moto anahama gesti. Wengi wanafunga shawa ya umeme ya papo kwa papo. Nyingi ni za wati 5,500, maana yake kuoga dakika 10 ni karibu yuniti 1. Mpigie mteja hesabu hiyo mapema: wageni 6 kwa siku ni kama yuniti 5 na nusu. Aiweke kwenye bei ya chumba.

Kuna shawa za maji ya kawaida na kuna za maji ya chumvi. Weka dukani zote mbili na uliza maji yake ni ya wapi kabla hujamkabidhi. Usalama sasa: shawa hii inataka waya usiopungua mm 4, breka yake peke yake, na ethi inayofanya kazi. Ifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Hapa hakuna "tutafanya fanya".

Ile shawa pana ya mvua nayo kila mtu anaitaka. Uliza tenki. Kila mita 1 ya kimo inatoa presha ya baa 0.1. Tenki likikaa kwenye mnara wa mita 3 na kichwa cha shawa kiko mita 2, umebakiwa na mita 1 tu. Kichwa kipana hapo kitadondosha tu kama paa linalovuja. Ama anyanyue tenki, ama aweke pampu ndogo, ama achukue kichwa kidogo chenye matundu membamba. Mara nyingi mimi nauza hicho kidogo, na mteja anarudi kunishukuru.

3. SINKI LA CHOO
Kosa linalorudisha mizigo dukani ni hili: kuna choo kinachotolea maji chini sakafuni, na kingine kinachotolea nyuma ukutani. Mafundi wanaita es-trapu na pi-trapu. Mteja apige picha bomba lilipo na apime toka ukutani mpaka katikati ya tundu. Bila kipimo usimruhusu abebe.

Yule dada anapenda choo chenye vitufe viwili, kidogo lita 3 na kikubwa lita 6. Kwa gesti inayonunua maji ya boza hiyo ni hela. Rangi achukue nyeupe. Nyeupe haipitwi na wakati, na kifuniko kikivunjika utapata kingine.

4. KIOO NA TAA
Hapa ndipo bafu la kawaida linageuka la picha, tena kwa hela ndogo. Kioo kiwe na upana karibu sawa na sinki, katikati yake iwe usawa wa macho, kama mita 1.5 hadi 1.6 toka chini. Taa zikae pembeni mwa kioo au juu yake. Ikikaa nyuma ya mtu, anapaka mafuta gizani. Mwanga wa njano kidogo unapendeza uso kuliko ule mweupe wa hospitali. Angalia boksi liandikwe IP44, maana yake inavumilia maji ya kurukia.

5. KUPANGA VIONEKANE
Kanuni yake ni rahisi: chuma rangi moja. Bomba la kromu, basi na shawa, kitundikio cha taulo na kishikio cha karatasi viwe kromu. Ukichanganya dhahabu, nyeusi na kromu kwenye bafu dogo linaonekana kama stoo. Halafu ongeza kitu kimoja cha kwetu: rafu ya mninga iliyopakwa vanishi vizuri, au kikapu cha ukili cha taulo. Kimoja kinatosha.

Kusafisha: kitambaa laini na sabuni. Madoa ya kromu, siki iliyochanganywa na maji, dakika chache, kisha suuza. Asidi ya choo na steeli waya visiguse bomba. Mimi nimeandika haya kwenye kikaratasi, kila bomba linatoka nacho.

KWA DUKA LAKO
Nilichobadilisha ni kuacha kutundika vipande ukutani. Nimetengeneza kona ya bodi, upana mita moja na nusu, nimefunga sinki, bomba, kioo, taa na kitundikio, vyote rangi moja. Mteja anaona bafu, haoni vyuma. Aliyekuja kununua bomba anaondoka na seti. Siyo lazima uwe na mtaji mkubwa, kona moja inatosha.

Yule mama wa Ngaramtoni? Alirudi, akachukua kromu 8 na vioo 8. Kabla sijamtolea nilimuuliza maji, tenki, na msafishaji. Akacheka, akasema, "Sasa umekua."

Haya, nenda kaangalie ulichotundika mbele ya duka. Kuna kitu pale kinachopendeza tu lakini hakifai maji ya wateja wako? Kitoe mapema, kabla hakijarudi kwenye mfuko wa rambo. Kazi njema.